Nani Atamsemea Kimursi

Alhamisi, 6 Machi 2025, usiku

Kimursi. Naliandika kwanza lisije likanitoka. Lilipita kasi kwenye orodha ya majina ya waigizaji, nikarudisha nyuma, likanipita tena, nikabonyeza isimame. Deborah Kerr. Stewart Granger. Richard Carlson. Wote na majina yao mawili mawili. Halafu Kimursi, wa kabila la Kipsigi. Basi. Hana jina la baba, hana la ukoo, ana kabila.

Kipsigi! Si hapa juu tu? Makanga wanaita "Kericho, Kericho" mbele ya mlango wangu kuanzia alfajiri mpaka sauti zinawakauka. Na mwaka 1949 MGM walileta kamera zao Afrika Mashariki kupiga King Solomon's Mines, wakapita Kenya, Uganda, Tanganyika, Ruanda, wakampata mtu wa huko juu, wakamweka ubavuni mwa Granger. Filamu ikatoka 1950, ikapata Oscar ya upigaji picha na ya uhariri. Watu wa Hollywood wamemwona, watu wa London wamemwona. Hapa Awasi, barabara moja na kwao, sijawahi kumsikia mtu akimtaja.

Wazee wameomba filamu ya zamani kibandani kwangu, Jumamosi ya tarehe 15. Nimesema ndiyo papo hapo. Sasa usingizi hauji.

Ijumaa, 7 Machi

Stima imepotea tangu saa nne asubuhi. Wateja wa kujaziwa muvi kwenye flashi wamenuna, wameenda zao. Nimebaki na daftari na joto.

Shida yangu iko hivi. Kwangu watu hawaji kutazama tu, wanakuja kusimuliwa. DJ Afro ndiye aliyeizoesha Kenya nzima. Filamu ya Mchina, ya Mhindi, ya Mmarekani, anaishika na Kiswahili chake mpaka staring, shujaa mwenyewe, anaongea kama kijana wa stendi. Mama wa omena hapa nje hana Kiingereza, lakini akianza kukueleza muvi za Jackie Chan utakaa chini. Nami nafuata njia hiyo hiyo, maiki moja, spika moja. Staring akiingia, mabenchi yanalipuka. Staring hafi, hilo hata mtoto wa chekechea analijua.

Lakini hii! Staring ni Quatermain, ndiye Granger. Anaijua njia, anawajua wanyama, anajua kila kabila linataka nini. Huyo ndiye nimpe Kiswahili cha Awasi? Na Kimursi, mtu wa huku huku, nimwache asimame pale bubu?

Halafu nikimpa maneno, maneno ya nani? MGM walimwandikia ya kwao. Mimi nimwandikie ya kwangu. Kote kuwili yeye hakuulizwa.

Sijui. Sijui kabisa.

Stima imerudi saa kumi na mbili. Tokeni zimebaki kidogo, za wiki ijayo nitanunua kesho.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kanisani, nimefunga mlango, nimeitazama yote bila sauti.

Ukizima sauti inakuwa filamu nyingine. Ile sauti ya Granger ndiyo inayokushika shingo ukamtazame yeye. Ikinyamaza, jicho linakwenda linakotaka, na langu lilikwenda nyuma, kwenye mstari wa wapagazi. Mizigo. Mizigo ya nani yote ile? Watu watatu wanamtafuta mume wa mmoja wao, na msururu mzima wa watu umewabebea mahema, na vyombo, na nguo za Deborah Kerr. Kuna pale anapojikata nywele mwenyewe porini kwa mkasi, ghafla zinatokea zimekaa vizuri kama ametoka saluni. Hilo litawachekesha akina mama. Wacheke.

Kimursi anaitwa Khiva humu ndani. Mkono wa kulia wa Quatermain. Kazi yake kubwa ni kusikiliza. Wenzake wanaongea, yeye anasikiliza, na ukimtazama sana unaona ni kazi ngumu kuliko kuongea. Uso wake hautangulii habari.

Halafu kile kijiji. Van Brun, Mzungu mtoro anayejificha humo, hataki waondoke wasije wakamtaja. Wanamshika mateka wapate kutoka. Anapata nafasi, anamlenga Quatermain, risasi inampata Khiva. Quatermain anamuua Van Brun, wanakimbia kwa sababu wanakijiji wako nyuma yao.

Wanakimbia. Na hadithi inakimbia nao.

Nimerudia hapo mpaka kidole kimechoka. Nikajaribu kuwatetea: kijiji chote kinawafuata, wangesimamaje? Lakini aliyeandika hadithi ndiye aliyeweka kijiji nyuma yao. Angeweza kuweka usiku, angeweza kuweka mvua, angeweza kuwapa nusu saa ya kumfunika mtu wao kwa mawe.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika wanaokufa.

Rencharo, Trader Horn, 1931. Mbeba bunduki. Aliyemcheza ni Mutia Omoolu, mtu wa huku kwetu Afrika Mashariki. Mwongozaji Van Dyke alikuja na msafara mzima mwaka 1929, Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo, na filamu ilipohitaji kumaliziwa Mutia akasafirishwa hadi Hollywood kwenyewe. Jina lake limo, majina mawili, karibu na ya wakubwa. Rencharo anakufa.

Khiva, 1950. Anakufa.

Kimani, Something of Value, 1957. Hii ya Mau Mau. Sidney Poitier ndiye Kimani, Rock Hudson ndiye rafiki yake Mzungu wa shambani, wamekua pamoja. Kimani anakufa, na Rock Hudson anabaki na mtoto wa Kimani mikononi. Poitier ni Poitier, huwezi kumwondolea macho. Bado anakufa.

Umbopa, filamu moja na Khiva, hafi. Haki yake niiandike. Siriaque, Mtutsi anayemcheza, mrefu mpaka kamera inahangaika naye, anapigana na mfalme Twala, anakichukua kiti chake. Kumbe kuishi kunaruhusiwa ukiwa mfalme na ukibaki huko huko kwako. Anayetembea na wageni, anayewajua, anayeweza siku moja kurudi nyumbani akasimulia jinsi walivyokuwa, huyo ndiye hafiki mwisho.

Sijui kama walikaa mezani wakaamua hivyo. Sidhani. Nadhani hata hawakuhitaji kuamua.

Na Tarzan nayo. Tarzan the Ape Man, 1932, Van Dyke huyo huyo. Picha zilizobaki kwenye Trader Horn hawakuzitupa. Walizitia mle. Wakawa wanaziangaza kwenye kitambaa kwa nyuma, na waigizaji wao wanasimama mbele yake huko Kalifornia, wanaonyeshana vidole, tazama kule. Watu walioonyeshwa vidole walipigwa picha huku miaka mitatu nyuma, wako kwenye shughuli zao. Hawakuwahi kusikia jina Tarzan. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kuwa porini kwa Tarzan.

Nimeshindwa kula. Ngege mzuri kabisa, nimempa paka.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya. Benchi moja limevunjika mguu. Fundi anataka mia nane. Mia nane, mguu!

Shemeji amepita, ameniona na daftari, ameuliza ninaandika nini siku hizi. Nimemwambia hesabu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepata kitabu cha Baba, Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi ile ile ya filamu! Chini ya sanduku la vyombo, nyumbani. Hakina jalada, mchwa wamekula kona, lakini kimo. Tafsiri ya Frederick Johnson, ya mwaka 1929, iliyosomwa shuleni kote Afrika Mashariki miaka na miaka. Baba alikuwa anaisimulia jioni kama kitu kilichotokea Nyakach. Mpaka nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kuna Mwingereza anaitwa Rider Haggard aliyeiandika 1885.

Nimesoma mpaka mafuta ya taa yameniuma macho. Na nimeona jambo.

Kitabuni hakuna mke wa mtu kwenye msafara. Wanamtafuta ndugu, wanaume watupu. Deborah Kerr aliongezwa na Hollywood. Sawa, walitaka mapenzi, tiketi ziuzwe. Lakini kitabuni kuna Foulata. Msichana wa Kikukuana, ana jina, anampenda mmoja wa wale Wazungu, anamuuguza mgonjwa, na anakufa mle mle mashimoni. Anakufa naye, ndiyo. Lakini yumo. Anaongea. Ana uamuzi wake.

Kwenye filamu hayumo. Wamemtoa. Hata Gagool, yule bibi kizee wa kutisha niliyemwogopa utotoni mpaka nikashindwa kwenda chooni usiku, kwenye filamu ni mwanamume.

Kwa hiyo mwanamke mmoja ameingia, Mzungu, na wanawake weusi wote wenye majina wametoka. Waliobaki ni wa kucheza ngoma na kukimbia. Nimekuwa nikiwahesabu wanaume siku hizi zote, huku sisi wanawake hatumo hata kwenye orodha ya wanaokufa.

Hilo litasemwa Jumamosi. Sijui kwa maneno gani.

Jumamosi, 15 Machi, saa tano usiku

Miguu inauma, sauti hakuna. Niandike kabla sijalala.

Walijaa. Mabenchi yote, pamoja na lile la mguu mpya. Jaduong', mzee wetu wa kinu, amekuja na kiti chake mwenyewe. Vijana wa boda boda ukutani. Akina mama wa chama, wametandaza leso chini. Jirani wa duka la simu naye kaja baada ya kufuturu, ameleta sambusa. Watoto wamejipenyeza, sikuwafukuza.

Nilianza vizuri. Nilisema majina. Niliisimamisha picha palepale, nikayasoma kwa sauti, Kimursi, Siriaque, Sekaryongo, Baziga. Nikasema huyu wa kwanza ni wa juu hapa, mkimwona mmpokee. Walipiga makofi kabla hajatokea. Alipotokea, boda boda mmoja ambaye mama yake ni wa Kipkelion akasimama kabisa, akapiga mluzi. Kimursi amepokelewa Awasi kama staring! Nilitaka kulia.

Kisha mvua. Si mvua, ni hasira. Mabati yaliunguruma mpaka filamu haisikiki, spika haisikiki, mimi na maiki yangu hatusikiki. Nilipiga kelele kidogo, nikaacha. Nikaweka maiki chini.

Na hapo ndipo.

Wakaanza wao. Mama wa omena akawa Deborah Kerr, analalamika joto, analalamika wadudu, anataka maji ya kuoga. Benchi la nyuma wakawa wapagazi, wote kwa pamoja, wanadai malipo. "Hii mizigo ni ya siku ngapi? Tumekubaliana ngapi?" Na binti wa fundi cherehani, yuko darasa la sita, kasimama juu ya benchi, kawa Khiva. Hakuna aliyemwambia. Kila Khiva anapotokea, sauti yake ile nyembamba inapanda juu ya mvua: "Bwana, njia hiyo siyo. Bwana, nilikuambia. Mimi nimezaliwa huku, wewe umekuja juzi."

Nilikuwa na hofu wiki nzima, nani ana haki ya kumsemea. Yeye hakuogopa hata kidogo.

Wanyama walipotimka, pundamilia, twiga, vumbi skrini nzima, hata wazee walishikana mikono. Nisidanganye, ni filamu nzuri. Inapendeza. Surtees, mpiga picha wao, alijua kazi yake, na nchi yenyewe ilikuwa nzuri kabla hajafika. Naipenda. Nimekaa nayo siku zote hizi na bado moyo unaruka pale.

Tukafika kwa Van Brun. Nilijua, wao hawakujua. Binti yuko juu ya benchi bado anasema. Risasi.

Yeye akaendelea kusema. "Bwana, niinueni. Niinueni basi." Picha imeshahama, wanakimbia, na yeye bado anasema niinueni.

Ndipo Jaduong' akasimama. Mtu wa miaka themanini na ushee, fimbo mkononi, anaelekeza skrini. Mvua ilikuwa imepungua kidogo, kila mtu alimsikia.

"Wanamwacha? Nani atapeleka habari kwao?"

Mwingine akasema ni filamu tu, Jaduong', keti.

"Filamu ni nini? Huyu ana mama. Wamekula naye. Wamelala naye kambi moja. Mtu akifia safarini analetwa dala, nyumbani. Na kama haletwi, anatumwa mtu. Hata mmoja! Wako watu wangapi pale, hakuna hata mmoja wa kutumwa?"

Ikawa rabsha. Akina mama wakamuunga mkono. Kijana wa Kipkelion akasema kwao pia ni hivyo hivyo, mtu haachwi. Mwingine akasema walikuwa wanafukuzwa. Jaduong' akamjibu, "Sisi hapa tumefukuzwa na maji ya Nyando tangu tuzaliwe, na maiti zetu tumezika." Hakuna aliyekuwa anatazama tena. Granger na Kerr wanakimbia peke yao huko, watu wa Awasi wamegeukiana wanagombana juu ya mazishi ya Khiva.

Niliizima. Tukakubaliana mwisho tutauona siku nyingine. Hakuna aliyedai pesa yake.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani. Sauti imekwisha, nanong'ona.

Shemeji kaja na maziwa, kaja na maoni. Anasema ninawachochea wazee bure. Hao waigizaji walilipwa, wakarudi makwao, hiyo ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Na kwamba mambo yamebadilika, niache ya 1950. Si tunaye Lupita? Si Black Panther ilizinduliwa hapa Kisumu, Februari 2018, kabla ya Nairobi, watu wamevaa kanzu na vitenge na shanga, gavana mwenyewe akiwa baba mzazi wa Lupita?

Kweli. Nilikuwa Kisumu siku zile na mji ulikuwa umejaa furaha ambayo sijaiona tangu hapo. Lupita, mtoto wa Seme, yuko juu, ana silaha ikibidi, ana kazi yake, ana akili, hambebei mtu mzigo, na hafi. Nakiri bila kinyongo chochote. Kuna wasichana wa hapa Awasi waliosuka nywele kama zake wiki nzima.

Lakini namwambia shemeji, kwa sauti hii ya paka, kwamba Wakanda, nchi ya Black Panther, ni ya kubuni. Ilibidi watubunie nchi ndipo tupate kuishi mpaka mwisho. Kwenye nchi halisi, ile yenye Kericho na maporomoko ya Murchison na Ruanda, Khiva bado amelala pale. Lupita kushinda hakumfuniki Khiva. Ni vitu viwili.

Hakukubali. Amekunywa chai, ameondoka. Atarudi na hoja nyingine, namjua.

Usiku sasa. Nimemfikiria Ayub Ogada. Watu wanamjua kwa nyatiti, wachache wanakumbuka yumo kwenye Out of Africa, 1985, kwa jina lake la kwanza Job Seda. Alikuwa Kanuthia. Filamu ya Oscar saba! Meryl Streep, Robert Redford, na Kanuthia huko pembeni. Miaka ishirini baadaye The Constant Gardener inatoka, na safari hii hayuko pembeni, hayuko hata kwenye picha, ni sauti yake na nyatiti, Kothbiro, na ukiisikia mara moja unasahau nani alikuwa anaigiza. Aliaga 2019, Nyahera, hapa juu ya Kisumu. Watu kutoka nchi za mbali walilia.

Yeye alikuwa na kitu chake nje ya filamu. Walipompa nafasi ndogo, nyatiti ilikuwa inamngoja nyumbani. Kimursi alirudi kwenye nini? Ng'ombe, mahindi, majani chai ya watu wengine? Kuna mtu alimtazama siku moja kwenye skrini akasema, huyu ni mimi? Mtoto wake aliwahi kumwona?

Jumanne, 18 Machi

Jaduong' kaja asubuhi, kabla sijafungua. Nikaogopa amekuja kudai. Amekuja kuuliza kama kuna nyingine.

Nimemwambia kuhusu Sanders of the River, ya 1935. Kwamba Paul Robeson, Mmarekani mweusi mwenye sauti ile, aliicheza akidhani inaheshimu Waafrika, na ilipomalizika akaikuta inasifu ukoloni, akaikana. Na kwamba kati ya Waafrika waliokodishwa London wasimame kwenye kundi, mmoja ni Jomo Kenyatta.

Amenikazia macho. "Kenyatta huyu?"

Kenyatta huyu. Alikuwa Uingereza miaka ile, anahitaji pesa, kama wanafunzi wengi.

Amekaa kimya, kisha anasema: "Basi kama hata yeye alisimama kwenye kundi, usimdharau mtu yeyote unayemwona kwenye kundi."

Sikumjibu. Nimemwekea chai. Hilo nimeliandika kama alivyolisema.

Jioni nimemwita makanga ninayemwamini, yule wa matatu ya Kericho. Nimempa karatasi: Kimursi, alicheza sinema na Wazungu mwaka 1949 au 1950, kama kuna familia inayomkumbuka. Aulize Kapsoit, aulize Kericho mjini, awape wenzake wa Litein na Sotik. Ameisoma, ameikunja, ameiweka mfukoni mwa shati, si wa suruali. Nimeona.

Alhamisi, 20 Machi

Makanga: bado. Mzee mmoja Kericho amesema jina hilo huko ni la kawaida, atafutiwe la ukoo. La ukoo ndilo MGM hawakuandika!

Nimekasirika mpaka saa nane. Kisha nikauza muvi kumi na mbili kwa mteja mmoja na hasira ikapoa.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho tunamalizia. Wamekubaliana wenyewe, mimi nimearifiwa tu. Hakuna kusimulia. Kila mtu na sauti yake, mvua inyeshe isinyeshe, spika tutazima.

Wamekuja jioni kugawana. Nimeandika majina kwenye kadibodi ya sabuni.

Umbopa: kijana wa Kipkelion. Amenyoa.

Twala: mwenye duka la simu, kwa sharti tuanze baada ya futari.

Elizabeth, yule wa Deborah Kerr: mama wa omena, hakuna wa kumpokonya. Anasema safari hii atauliza bei ya mizigo.

Wapagazi: benchi lote la nyuma. Wamedai waketi mbele.

Foulata: hapa palikuwa na maneno. Binti wa fundi ameuliza kama Khiva amekufa yeye afanye nini, arudi nyumbani? Nikamsimulia Foulata wa kwenye kitabu. Akauliza anatokea wapi kwenye picha. Nikamwambia hatokei. Akafikiri. "Basi nitaongea wakati wale wanawake wanacheza ngoma. Mmoja wao ndiye mimi, nitamchagua." Ameshachukua kitabu cha Baba, amekifunga kwa mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

Kabla hawajaanza mwisho, Jaduong' atasimama aseme maneno ya Khiva, kama yanavyosemwa matangani. Ameomba dakika kumi. Nimempa anazotaka. Ameuliza jina la baba yake Khiva, nimemwambia hatuna, amesema basi atasema mtoto wa watu wa Kericho, na makanga akipata la ukoo tutarudia.

Quatermain hana mtu. Nimezunguka kibanda chote, kila mmoja anatazama chini. Nimewabembeleza, nimesema ndiye staring, ana maneno mengi kuliko wote. Hakuna.

Nitamjaribu shemeji.